Hatua Saba za Padre Meja

Anyesi alikuwa amempiga marufuku kaka yake kuegesha gari mbele ya nyumba. Gari lenyewe halikuwa na ubaya. Lilikuwa Land Cruiser la jeshi, la kijani, safi kuliko magari yote ya mtaa wao wa Ipagala. Ubaya ulikuwa wa anayeshuka. Mwaka juzi Padre Meja Ludovick alilisimamisha getini kwa dada yake, akashuka na kombati yake yenye msalaba mdogo kwenye kola, mkononi ameshika sufuria aliyoiazima tangu Pasaka. Jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mwanawe yuko jeshini, alimwona kupitia dirisha, akazimia na kuvunja meza ya kioo. Tangu siku hiyo Padre aliegesha kwenye mashine ya kusaga, kisha akatembea kwenye vumbi mpaka kwa dada yake, akipigwa jua la Dodoma utosini.

"Mimi ni mtumishi wa Mungu," alilalamika. "Mnanifanya kama nzige."

"Nzige hawavui kofia mlangoni," Anyesi alimjibu.

Katika miaka kumi na tisa ya jeshi, Ludovick alikuwa amebatiza, amefungisha ndoa, ameungamisha askari waliokuwa wakitaja dhambi zao wima, mikono ubavuni, na kumalizia kwa "Ni hayo tu, afande." Lakini watu hawakumjua kwa hayo. Walimjua kwa milango. Askari Mkatoliki akifa kazini, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mke au mzazi. Mara ya kwanza aliiharibu kazi hiyo vibaya. Alizungumzia mvua na bei ya alizeti kwa dakika arobaini, mpaka mjane akamwomba abaki ale chakula cha mchana. Aliporudi kambini alijifungia, akalia kwa aibu, kisha akachukua karatasi akaandika hatua saba. Egesha mbali kidogo. Vua kofia. Uliza jina kamili. Mkalishe chini. Hakikisha ana ndugu karibu. Mpe maji. Sema kwa sentensi moja, usizunguke. Baadaye akawa anawafundisha mapadre vijana, nao walizikariri hatua hizo kuliko Zaburi.

Jumapili hiyo ya Oktoba, mezani kwa Anyesi, baada ya ugali na mlenda, jambo lilikuwa la heri. Hilda, binti pekee wa nyumba, mwalimu wa shule ya msingi huko Mvumi, alikuwa ameposwa. Mposaji ni Abeli, askari kijana wa kutoka Busi, ambaye wakati huo alikuwa nje ya nchi akilinda amani. Likizo yake ilikuwa wiki tatu za Januari. Zikipita hizo angepelekwa kozi, na likizo nyingine ingekuja baada ya miaka miwili. Hilda alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alishajibu maswali ya mashangazi kuhusu ndoa kwa kiasi cha kutosha.

"Jibu la posa halipelekwi kwa simu," alisema baba yake, Yotham. Alikuwa karani wa masjala wizarani, mtu wa mafaili, na barua ya kukubali aliiandika mwenyewe, yenye kumbukumbu namba na neno "Yah." katikati, imepigiwa mstari. "Linapelekwa mkononi, na mtu mzima wa upande wetu. Baba mdogo wa Abeli, Zablon, alilisema hilo wazi."

"Mimi Jumatano nina safari ya Kondoa, kuungamisha vijana," alisema Padre. "Nitapitia Busi. Mjomba akipeleka jibu, ni heshima."

Anyesi alimtazama. "Kaka Padre, basi vaa lile shati lako la maua. La Krismasi."

"Nitakuwa kazini, Anyesi. Siwezi kupanda gari la jeshi na maua."

Yotham alileta bahasha. Ilikuwa ya kaki, kubwa, imeandikwa juu kwa herufi nzito kwamba ni kwa huduma ya serikali. "Ni imara," alisema kwa fahari. "Haipiti maji."

Hilda naye aliingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Alikuwa ameipeleka studio picha ya Abeli, Abeli wa gwaride, kifua mbele na glavu nyeupe, wakamkuzia na kumtilia fremu ya rangi ya dhahabu. "Mjomba, mpelekee mama yake," alisema kwa haya. "Mwambie ni zawadi yangu. Aiweke ukutani awe anamwona kila siku."

"Imependeza sana," alisema Padre, akaiweka fremu kwapani, bahasha juu yake.

Watu wanne wenye akili timamu walikuwa pale sebuleni, na mmoja wao alikuwa mwenye hatua saba. Hakuna aliyeona kitu.

*

Jumanne, dereva wa Padre, Koplo Wambura, alimpigia simu baba mdogo Zablon kutoa taarifa ya ujio. Wambura alikuwa na Padre kwa miaka sita na kanuni alizijua. Kwenye simu husemi kitu.

"Padre wa jeshi atafika kesho saa nne kumwona mama yake Abeli," alisema.

"Kuna nini, afande?"

"Siruhusiwi kusema, mzee. Atasema mwenyewe." Wambura alifikiri kidogo, akaona aongeze ubinadamu. "Ila mama asiwe peke yake."

Kwa hiyo Jumatano, Land Cruiser lilipopanda kilima cha mwisho likiburuta vumbi lake, uwanja wa Mama Emiliana ulikuwa umejaa watu wapatao sitini. Turubai la bluu lilikuwa limeshafungwa kwenye miti. Wanawake walikaa kwenye mikeka, vitenge viunoni. Mzee Abdulwahab, jirani wa upande wa kisima, alisimama pembeni na majembe matatu begani, kwa kuwa pale Busi mtu akifa hawaulizani alisali wapi.

"Tazama, Wambura," alisema Padre, moyo ukimchangamka. "Wametuandalia mapokezi. Watu wa huku wana adabu sana."

"Ndiyo, afande."

"Egesha hapa, mbali kidogo."

Alishuka. Wanaume wote walisimama. Padre alipita katikati yao, fremu kwapani ndani ya kitambaa cheusi, bahasha ya serikali mkononi, na alipofika mbele ya mikeka mkono wake ukapanda wenyewe ukavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," waliitikia, kwa sauti ya chini mno.

"Nani hapa ni Emiliana, mama mzazi wa Abeli Petro?"

"Ni mimi, baba." Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, na alikuwa tayari ameshikwa mikono na wawili.

"Mama, tafadhali kaa chini."

Padre alikusudia kusema "habari za hapa", kama mgeni yeyote wa posa anavyosema. Lakini mdomo wake ulikuwa na njia yake, ya miaka kumi na tisa, na ulishaingia humo. "Una ndugu wa karibu hapa?" akauliza. Ndugu wa karibu sitini wakasema wapo. "Mleteeni maji," akasema.

Bilauri ililetwa. Ndipo Ludovick alipoisikia sauti yake mwenyewe. Mungu wangu, aliwaza, niko hatua ya sita. Akajaribu kujiokoa. Kwanza akatabasamu. Hakuna mtu aliyewahi kuona padre wa jeshi akitabasamu mahali pale, na tabasamu lile liliwatisha watu kuliko kofia. Halafu akakumbuka zawadi. Hii ndiyo itaeleza kila kitu, alijiambia, akafungua kitambaa cheusi, akaunyanyulia umati picha ya Abeli katika fremu ya dhahabu.

Kilio kilichopanda hapo kilisikika mpaka sokoni.

Padre aliisema hatua ya saba, tena kwa sentensi moja safi, lakini hakuna aliyeisikia. Akaisema tena. Wanawake walikuwa wamejibwaga chini, baba mdogo Zablon amejishika kichwa, na binamu mmoja wa Abeli aliyesoma naye sekondari ameshatuma ujumbe kwenye kundi la darasa lao. Koplo Wambura, aliyejua kabisa kwamba wamekuja kwa posa, alikuwa amesimama mguu sawa karibu na gari akibubujikwa machozi, maana kilio kikubwa namna ile kinamchukua mtu hata asiyehusika. Mwisho Padre alivuta pumzi, akatoa sauti ya uwanja wa gwaride.

"Kimyaaa! Abeli ni mzima! Mimi ni mjomba wa Hilda! Nimeleta jibu la posa!"

Kilio kikakatika. Mtoto mmoja alicheka, akapigwa kofi. Mzee Abdulwahab alishusha majembe yake taratibu.

Mama Emiliana alisimama, bilauri bado iko mkononi. "Posa," alisema.

"Posa, mama. Tumekubali."

"Umenikalisha chini ukaniletea maji kwa ajili ya posa."

"Nisamehe sana, mama. Ni mazoea ya kazi tu."

"Mazoea yako nayajua." Hakupaza sauti. "Miaka kumi na moja imepita. Tulikuwa tunakaa kota za kambini, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani. Ulivua kofia hivyo hivyo. Ukaniuliza jina hivyo hivyo. Nikanywa maji, ukaniambia Petro amekufa."

Ludovick alimtazama. Aliutafuta uso ule kichwani mwake, mlango wa kijani, kota, akaukosa. Watu wote chini ya turubai waliona kwamba ameukosa, naye aliona kwamba wameona. Katika maisha yake yote ya upadre hakuwahi kutamani ardhi immeze kama alivyotamani pale.

"Hunikumbuki," alisema Mama Emiliana.

"Mama..."

"Bahasha yako irudi ilikotoka. Binti yenu simchukii, sijamwona. Lakini wewe umenigongea mara mbili. Ndoa inayofunguliwa hivyo sitaki mwanangu aingie."

Akakabidhi bilauri, akageuka kwenda ndani, na hatua mbili kabla ya mlango presha ikamwangusha. Ilibidi apelekwe zahanati, na gari lililokuwepo lilikuwa moja tu. Njia nzima, watu walioliona Land Cruiser la jeshi walisimama pembeni na kuvua kofia.

*

Habari ilimtangulia Padre kufika Dodoma. Saa saba mchana kundi la darasa la akina Abeli lilikuwa limejaa picha za mishumaa na njiwa. Mwalimu wao wa hisabati aliandika kwamba marehemu alikuwa na akili nyingi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia darasani. Abeli mwenyewe alizisoma rambirambi zake zote huko aliko, akiwa lindoni, na kamanda wake akamtaka athibitishe kwa maandishi kwamba yuko hai, nakala mbili.

Hilda aliambiwa na mwalimu mkuu. Alilia muda wa vipindi viwili kabla simu ya Abeli haijaingia, na alipomaliza kulia akapanda gari mpaka Ipagala akiwa na hasira ambayo mama yake hakuwahi kuiona.

"Mjomba, nimepewa ruhusa ya siku saba ya msiba," alisema, amesimama mbele ya Padre aliyekaa kwenye kochi na bahasha yake mapajani. "Nizifanyie nini? Niambie. Shule nzima imenichangia maharage."

"Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nirudishie mama mkwe wangu."

Yotham alikohoa kutoka kwenye kiti chake. "Bahasha ilikuwa imara," alisema, bila kuulizwa.

"Baba Hilda, nyamaza na bahasha yako," alisema Anyesi.

Walijaribu simu. Mama Emiliana alikuwa ametoka zahanati, hali nzuri, lakini jibu lake lilikuwa lile lile. Abeli alimbembeleza kwa siku tatu kwa mtandao wa kukatika, na siku ya nne akamwambia Hilda kwamba hawezi kuoa mama yake akiwa amegeuza uso. Hilda hakubishana naye. Alikunja khanga alizokuwa ameanza kununua, akazirudisha dukani kwa Ikram, ambaye alizipokea bila kuuliza, na kutouliza kwake kulimuuma Hilda kuliko maswali ya mashangazi.

Padre naye alirudi ofisini kwake kambini. Kwenye droo alikuwa na madaftari mawili ya majina, ya kuwaombea. Alipekua kurasa kuanzia asubuhi, akashangaa jinsi zilivyo nyingi na jinsi mwandiko wake ulivyo mzuri. Karibu na adhuhuri akakuta mstari aliokuwa akiutafuta. Sajini Petro. Mke: Emiliana. Mtoto mmoja wa kiume. Mbele yake alikuwa ameandika maneno mawili: Alitulia sana. Alipangusa miwani akasoma tena. Kisha akaona kwamba maneno hayo hayo ameyaandika mbele ya majina mengi, karibu kila ukurasa. Alikuwa amejivunia hilo siku zote, na kuwasimulia mapadre vijana kwamba hatua saba hutuliza. Sasa hakuwa na uhakika ni nani aliyekuwa ametulia. Alihuzunika, akakosa hamu hata ya chai.

Wiki ya pili Zablon alimpigia Yotham.

"Shemeji yangu yuko tayari kumsikiliza Padre," alisema. "Sikusema kumkubali. Nimesema kumsikiliza. Aje tena, bila gari lile, bila nguo zile, na mbuzi wa kufuta machozi."

"Mbuzi wa rangi gani?" aliuliza Yotham, kalamu mkononi.

"Yeyote, ila asiwe mweusi. Vitambaa vyeusi tumeshaviona. Na mwambieni asije kama padre. Aje kama mjomba."

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Ludovick hajui kwenda mahali kama mjomba. Anyesi alimfanyisha mazoezi sebuleni Jumamosi nzima. Yeye akawa mwenye nyumba, Padre akatoka nje na shati lake la maua, akapiga hodi.

"Karibu."

Mkono wa Padre ukapanda utosini.

"Kaka, huna kofia. Unavua nini?"

"Umekwenda wenyewe."

"Ushike kitu. Shika mfuko wa zabibu. Rudi nje." Alirudi nje. Hodi, karibu. "Sasa sema habari za hapa. Sema mvua itawahi mwaka huu. Uliza mifugo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka akuulize umekuja kufanya nini."

"Anyesi, hiyo ni kuzunguka. Mtu anaumia unapozunguka."

"Huko kwako ndiyo anaumia. Huku kwetu unapozunguka anapata nafasi ya kukutazama." Anyesi alikaa kwenye mkono wa kochi, akamwonea huruma. Alikuwa amekua nyumba moja na mtu huyu na hakuwahi kumwona akikaa kwenye nyumba ya mtu bila sababu. "Rudi nje, kaka," alisema. "Tuanze tena."

Hilda, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani, alijizuia, alijizuia, mwisho akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya njiwa na mishumaa.

*

Walikwenda kwa basi mpaka lami ilipoishia, kisha kwa bodaboda mbili. Anyesi alipanda ya mbele na zabibu. Padre Meja Ludovick alipanda ya nyuma akiwa amempakata mbuzi mweupe mwenye doa la kahawia, ambaye kwa safari nzima aliyatafuna maua ya shati lake, ua moja baada ya jingine. Barua ya Yotham ilikuwa kwenye bahasha mpya aliyoichagua Hilda, yenye ndege wawili. Yotham aliitazama bahasha ile akasema haitafika, karatasi nyepesi.

Uwanja wa Mama Emiliana ulikuwa mtupu. Turubai lilishafunguliwa, na yeye alikuwa kivulini pa ukuta akipeta uwele, Zablon kando yake akisokota kamba. Picha ya Abeli haikuonekana nje, wala mlango ulipofunguka haikuonekana ndani.

"Hodi hapa," alisema Anyesi.

"Karibuni." Mama Emiliana aliinua macho. Aliona mwanamke na mfuko, mwanamume mwenye upara na shati lililoliwa, na mbuzi. Hakumtambua. Alianza hata kutafuta kigoda cha mgeni. Ndipo mkono wa Ludovick ulipopanda utosini, ukakuta hakuna kitu, ukabaki hapo hapo.

"Ni wewe," alisema Mama Emiliana.

"Ni mimi, mama."

Alikuwa amejiandaa kusema mvua. Alikuwa amejiandaa kusema mifugo, na kwamba barabara imechongwa vizuri. Vyote vilimtoka. Alisimama juani na kamba ya mbuzi, na Anyesi akafinya midomo, akaona siku inaharibika tena mbele ya macho yake.

Mama Emiliana aliweka ungo chini. Akajifuta mikono.

"Kaa chini," alisema.

Ludovick alikaa.

"Jina lako kamili?"

"Ludovick, mtoto wa Mzee Yoramu."

"Una ndugu wa karibu hapa?"

"Nipo," alisema Anyesi kwa sauti ndogo.

"Zablon, mpe maji."

Bilauri ilikuja. Ludovick aliishika kwa mikono miwili, akanywa. Alikuwa ameigawa kwa watu miaka yote, naye hakuwahi kuinywa. Sasa akajua kwamba haisaidii kitu. Maji yanashuka, na wewe unawahesabu walio wako mmoja mmoja na mahali walipo: Anyesi yuko hapa, Yotham yuko ofisini, Hilda yuko darasani Mvumi na chaki mkononi, na mmoja wao anakaribia kuondolewa. Alijua kabisa kwamba hakuna aliyekufa. Aliogopa hivyo hivyo, akamaliza maji mpaka tone la mwisho ili sentensi ichelewe.

"Siku ile ya kota," alisema Mama Emiliana, "ulipotoka mlangoni nilikuona dirishani ukiandika. Uliandika nini?"

Ludovick alifikiri kudanganya, akaona haya. "Niliandika kwamba umetulia sana."

"Sikutulia. Ulikuwa umeshaondoka." Alisema bila ukali, kama anayemwelekeza mtu aliyekosea njia. "Gari lilipokata kona nililia mpaka majirani wakaja kuvunja mlango. Abeli aliruka dirishani kuwaita. Maneno yako yalikuwa mazuri, baba, na maji yalikuwa ya baridi. Lakini ulikaa kitako dakika ngapi? Mimi nilihesabu. Sita."

"Nilikuwa na nyumba nyingine ya kwenda siku hiyo," alisema Ludovick. Halafu akaongeza, kwa kuwa ndio ulikuwa ukweli wenyewe, "Na nilikuwa naogopa kukaa."

Zablon aliacha kusokota kamba. Mama Emiliana alimtazama Ludovick, yule mtu mzima mwenye shati lililotafunwa, akiwa ameshika bilauri tupu. Kisha akasema sentensi yake, moja, bila kuzunguka.

"Hilda ni mwanetu, na harusi ni Januari."

Kwanza Ludovick alisema "ndiyo" kwa adabu. Halafu mabega yakaanza. Alitaka kuomba radhi na badala yake kikatoka kilio, kikubwa, cha kifua, cha milango yote na majina yote yenye mwandiko mzuri, na alipojaribu kukizuia kikazidi. Mbuzi alishtuka akakata kamba. Anyesi, ambaye hakuwahi kumwona kaka yake akilia hata siku ya mazishi ya mama yao, alipekua mfuko kutafuta leso, akatoa bahasha ya ndege wawili, akampa hiyo, naye akajifutia.

Kutoka upande wa kisima mtu alikuja mbio. Alikuwa Mzee Abdulwahab, anahema, jembe begani.

"Nani tena?" aliuliza.

"Hakuna, mzee," alisema Zablon. "Ni mjomba wa bibi harusi. Amefurahi."

Mzee Abdulwahab alimtazama Ludovick, akashusha jembe, akalikalia mpini. "Basi afurahi," alisema. "Mimi nimeshafika."

Ludovick alijaribu kusimama. "Mama, nisamehe," alisema kati ya kwikwi. "Tumewachosha. Wacha sisi tuage, muendelee na kazi..."

Mama Emiliana alivuta kigoda chake karibu, akakaa, akamshika mkono akamrudisha chini.

"Lia kwanza, baba," alisema. "Mimi siondoki. Hapa ni kwangu."